Mwanangu anauliza kwa nini sisi hatufanyi Kwanzaa

Swali: "Habari za kazi. Tunaishi Columbus, Ohio, mimi mtu wa Tanga. Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu, na amezama kwenye vitabu vya mfululizo vya familia moja ya Wamarekani weusi, watoto watatu na bibi yao. Sasa kaleta kile cha Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi ya mwisho wa Desemba. Humo binti mkubwa anaambiwa alale chumba kimoja na binamu yake aliyehamia kwao, wanagombana karibu siku zote saba mpaka anaificha zawadi aliyomtengenezea. Sisi akina mama wanne tunasomaga na watoto wetu Jumamosi, tukakisoma pamoja, tukaishia kubishana wenyewe. Wa Bukavu anasema wametuibia lugha. Wa Nakuru anasema ni kuabudu mishumaa, na aliyeianzisha alifungwa jela. Wa nne anasema ni Krismasi ya watu wasiotaka Krismasi. Shuleni nako ticha kauliza 'Habari gani', mwanangu kajibu 'nzuri', kaambiwa hapana, jibu ni 'Umoja', karudi kanuna. Ananiuliza, mama, maneno si ni yetu, mbona sisi hatufanyi? Halafu hataki kitabu kingine, anarudia hicho hicho, wakati mwingine anasoma na mtoto wa mdogo wangu aliyekuja kutoka Tanga mwezi wa nane, wanalala chumba kimoja. Nimkatishe? Tufanye Kwanzaa? Niongee na ticha?"

Jibu:

Dada, salama, na pole na hayo mabishano ya Jumamosi. Nimekiazima hicho kitabu maktaba nikakisoma kabla ya kukujibu, na nikwambie ukweli, kilichonishika kwenye swali lako wala sio Kwanzaa. Ni kale kasentensi ulikokapitisha haraka haraka kwamba mtoto wa mdogo wako kaja mwezi wa nane na wanalala chumba kimoja. Nitarudi hapo maana nadhani ndo penye swali lenyewe. Ila ngoja kwanza tuwamalize wenzako wa kikundi, kwa sababu kila mmoja kashika kitu cha kweli kidogo halafu akakivuta kupita kiasi.

Hii ya kuabudu mishumaa, hapana. Kwanzaa ilianzishwa mwaka 1966 huko Los Angeles na Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani mweusi, mwaka mmoja na ushee baada ya mtaa wa Watts kuwaka moto Agosti 1965, ghasia za siku sita zilizoua watu 34. Watu weusi wa pale walikuwa wanatafuta kitu cha kuwakusanya ambacho hawakupewa na mtu mwingine. Ni siku saba, Desemba 26 mpaka Januari mosi, na kila siku ina nguzo yake: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Hakuna mungu anayeombwa pale wala sala iliyopangwa. Mishumaa ni saba kwa sababu nguzo ni saba, mweusi mmoja katikati ndo unaanza kuwashwa, halafu mitatu myekundu na mitatu ya kijani, rangi ambazo watu wa Marcus Garvey, yule mpigania umoja wa watu weusi, walizifanya bendera yao mwaka 1920. Na hicho kinara, kile cha kusimamishia mishumaa, kinachomtisha mama wa Nakuru, kama anasoma Biblia ya Kiswahili basi anakutana nacho kwenye kitabu cha Kutoka kila mwaka, asiogope. Makanisa mengi ya weusi hapo Marekani yanafanya Kwanzaa kwenye ukumbi wao wenyewe, na watu wanaokuja ni wale wale walioimba Krismasi jana yake.

Kuhusu Krismasi, huyo mama wa nne hajatunga. Miaka ile ya mwanzo Karenga mwenyewe aliisema kama kitu mbadala kwa watu weusi badala ya sikukuu iliyokuwepo, ila kufika 1997 alikuwa ameandika wazi kwamba haikuja kuchukua nafasi ya dini ya mtu wala sikukuu ya dini ya mtu. Na watu hawakumsubiri aandike, wengi walishaamua zamani wanafanya zote mbili. Ya jela nayo ni kweli. Mwaka 1971 alipatikana na hatia ya kuwashambulia na kuwafungia wanawake wawili wa jumuiya yake, yeye akakana, akakaa ndani mpaka 1975, baadae akaja kuwa profesa kwenye chuo kikuu cha jimbo kule Long Beach, California. Mimi siwezi kukwambia hilo ni dogo. Wapo Wamarekani weusi wanaoikataa Kwanzaa kwa sababu hiyo hiyo, na wapo wanaosema sikukuu imeshakuwa ya bibi zao na shangazi zao walioipika na kuitandika miaka yote hii, sio ya yule bwana tena. Mtoto wa miaka 8 hahitaji kesi hiyo. Akifika 13 akakuuliza, mwambie yote.

Sasa mama wa Bukavu, huyu nina hamu ya kukaa naye. Anasema wametuibia lugha. Wametuibia sisi nani? Kiswahili kilifikaje Bukavu kama sio kwa misafara ya biashara, askari, wamisheni na watu wa sokoni ambao wengi wao hawakuzaliwa pwani? Kilifikaje Nakuru? Mtu wa Tanga angeamua kusema hii ni ya kwetu tu, wewe ungebaki peke yako kwenye hicho kikundi. Wazee wa hao Wamarekani waliopelekwa utumwani walitoka zaidi magharibi ya Afrika na pande za Kongo na Angola, kwa hiyo wengi wao hawakuwa na bibi aliyesema Kiswahili, na Karenga alilijua hilo. Alikichagua kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, ili asije akatokea wa kusema mbona umechukua cha wale ukaacha cha kwetu. Na miaka ile ndo jina la Nyerere lilikuwa juu, Ujamaa alishauandikia tangu 1962, hata Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967 ile Kwanzaa ya kwanza ilikuwa imeisha mwezi mmoja tu. Kwa hiyo kwenye orodha yao Ujamaa upo, ila maana yake wameigeuza kidogo, kwao ni kujenga maduka na biashara zetu wenyewe na kununuliana. Babu yako Tanga ukimtajia Ujamaa anaweza akakumbuka foleni ya unga. Ni neno lile lile limeishi nyumba mbili, kila nyumba na historia yake.

Hapo ndo tunafika kwa ticha. Mwanao hakukosea na ticha naye hakukosea, wameongea mambo mawili. Kwenye Kwanzaa "Habari gani?" imeshakuwa kama mwito na kiitikio, anayeulizwa anataja nguzo ya siku hiyo, leo Umoja, kesho Kujichagulia, kesho kutwa Ujima. Kwenu ni salamu, jibu ni nzuri, njema, salama, ukitaka na mkono unatoa. Ticha alichokosa ni kujua kwamba mbele yake amekaa mtoto ambaye hiyo ni lugha anayoitwa nayo kula. Kuambiwa "hapana" mbele ya wenzake kwa kitu anachokijua toka tumboni, kwa umri ule, kinauma kuliko kukosa hesabu. Kwa hiyo ndio, ongea na ticha, ila sio kwenda kumsahihisha. Mtumie ujumbe mfupi, mwambie nyumbani tunaongea Kiswahili, mwanangu angependa kuwaonyesha wenzake tunavyosalimiana kwetu na kwenye Kwanzaa inavyojibiwa. Maticha wengi wanalipokea hilo kwa mikono miwili, na mtoto anarudi darasani akiwa ndo mwenye kujua. Muulize kwanza mwanao kama anataka, maana wapo watoto ambao kusimamishwa mbele ndo adhabu.

Twende kwenye kitabu sasa. Unauliza umkatishe kwa sababu anarudia. Naomba usimkatishe, na nikueleze kwa nini. Mtoto wa darasa la tatu akisoma kichwa chake kina kazi mbili kwa mpigo, kuyatambua maneno na kuielewa stori, na nguvu ni ile ile moja inagawanywa. Kazi ya kwanza ikila nguvu nyingi, ya pili inabaki na njaa, ndo unaona mtoto anasoma ukurasa mzima vizuri halafu ukimuuliza kimetokea nini anakutumbulia macho. Vitabu vya mfululizo vinampunguzia mzigo. Familia anaijua, nyumba anaijua, anajua bibi akianza kuguna kuna kitu anakaribia kusema, kwa hiyo nguvu iliyobaki inakwenda kwenye maneno mapya na kwenye yale ambayo mwandishi hakuyasema waziwazi. Kwa mtoto mwenye lugha mbili faida inaongezeka, maana yale maneno ya Kiingereza yanarudi kitabu hadi kitabu mpaka yanakuwa yake. Na kurudia kitabu kimoja watoto wanafanya makusudi, mara ya kwanza wanafuata nini kitatokea, mara ya tatu wanaangalia kwa nini kimetokea. Sisi wakubwa tunaita kuganda, kumbe yuko kazini.

Kama kitabu ni kizuri? Kiasi. Waandishi wa mifululizo wakifika kwenye sikukuu wanakuwa na mtihani, wafundishe au wasimulie. Siku saba na nguzo saba zinampa mwandishi ngazi ya bure, sura saba, kila sura na neno lake, na uvivu unaingia hapo hapo. Sura ya Ujima na ya Nia kwenye hiki ni hotuba tupu, bibi anaongea kama bango la ukutani, nikaruka mistari nakiri. Lakini ile sura ya kwanza, dada, irudie. Bibi anatandika mkeka mezani, anaweka mazao, kikombe cha umoja, anaweka mahindi. Desturi ni hindi moja kwa kila mtoto aliyeko nyumbani, na hata nyumba isiyo na mtoto wanaweka mahindi, kwa kuwa kila mtu mzima pale anahesabiwa mzazi wa watoto wa jamii. Binti mkubwa anaangalia mahindi. Anahesabu. Yako manne. Anasema, "Sisi tuko watatu." Bibi hamjibu, anaendelea kuunyoosha mkeka pembeni kwa kiganja. Basi, mwandishi kaacha hapo, hakuna hotuba, na huo ukurasa mmoja una kazi kuliko sura mbili zile za mahubiri.

Sasa fikiria mwanao anausoma huo ukurasa usiku, na kwenye kitanda cha pili amelala mtoto wa mamake mdogo aliyekuja mwezi wa nane.

Unaona? Nyie wakubwa mmebishana mishumaa na Karenga na nani mwenye lugha, wakati yeye, mimi nahisi, anasoma habari za chumba. Sisi tuliokulia nyumba za kule hatukioni hicho kisa kama kisa. Tumelala watatu wanne kitanda kimoja na watoto wa mama mdogo, wa mama mkubwa, wa jirani aliyesafiri, na hakuna aliyekuuliza unajisikiaje. Kwanza kwetu huyo wala haitwi binamu, mtoto wa mama mdogo ni dada yako, kwisha. Kwa hiyo tukisoma tunasema huyu binti wa kitabuni ana roho mbaya, anyimeje mwenzake kabati. Naomba sana hiyo sentensi usiwe umeisema mbele ya mwanao, na kama umeisema, haijaharibika kitu, ila ujue yeye amekulia Ohio, chumba kilikuwa chake, mlango alikuwa anaufunga, na hao wenzake shuleni wana vyumba vyao. Anampenda dada yake na wakati huo huo anakitaka chumba chake. Vyote viwili viko ndani yake, na hana mahali pa kukisema cha pili kwa sababu anajua vizuri kabisa kwenu mtoto anayenyima ndugu anaonekanaje. Kitabu kimemsemea. Binti wa kitabuni anaificha zawadi, lile daftari alilolifunika kitambaa, anakuwa mbaya kwa sura mbili nzima, na mwisho familia haimtupi. Kwa mtoto mwenye siri hiyo kifuani, mwisho kama huo anaweza kuurudia hata mara kumi.

Inawezekana nimeotea vibaya, mimi sijamuona. Njia ya kujua ni rahisi, ila isiwe mahojiano. Soma naye hiyo sura ya mahindi, mkifika kwenye "sisi tuko watatu" nyamaza kidogo, halafu uliza tu, "Hivi huyu dada alikuwa anajisikiaje pale?" Muulize wa kitabuni, usimuulize yeye. Watoto wanaongea ukweli wao wote kupitia mtu wa hadithi, ukiwauliza wao wenyewe wanasema "sawa tu". Akisema alikasirika, usikimbilie kumfundisha kwamba kukasirika ni vibaya. Sema, "Hata mimi ningekasirika kidogo." Halafu subiri. Na yule mwingine naye usimsahau jamani, yeye kwenye hiki kitabu ndo binamu, ndo hindi la nne. Kaacha mama yake Tanga, kaja kwenye baridi, kaingia chumba cha mtu. Kukisoma pamoja kama wanavyofanya, mmoja yuko upande huu wa ugomvi na mwingine upande ule, ni kitu ambacho hata mshauri wa kulipwa asingewapangia vizuri hivyo. Kwa mambo ya chumba fanyeni ya kawaida tu, kila mmoja awe na droo yake isiyoguswa, na mwanao apate saa yake peke yake na wewe mara moja kwa wiki hata kama ni kwenda kununua mkate.

Kuna profesa wa fasihi ya watoto aliyefundisha hapo hapo mjini kwenu, kwenye Ohio State University, anaitwa Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha mtoto kujiona au dirisha la kuona kwa wengine. Mtoto wenu ana hali ya ajabu kidogo, hiki kitabu kwake ni vyote na hakijakamilika upande wowote. Sura za kwenye picha ni kama yake, maneno ni ya mama yake, ila nyumba na historia ni za watu wengine. Ndo maana anakuuliza mbona sisi hatufanyi. Mjibu ukweli tu, kwamba hii ni sikukuu ya Wamarekani weusi, waliitengeneza wao baada ya kunyang'anywa majina na lugha za wazee wao, wakachagua maneno ya lugha yetu kwa heshima, na sisi tunaitikia tukialikwa. Haki ya kuifanya kwa sababu tu maneno tunayajua, hapo mimi nasita. Atakutana na akina Imani na akina Nia wengi sana darasani ambao kwao hiyo ni jina la bibi na picha za familia. Akiwatokea na "nyie mnatamka vibaya, hii ni yetu," atakuwa amefanya kosa lile lile la ticha, kageuza upande.

Kwa hiyo tufanye Kwanzaa? Ukiniuliza mimi, mwaka huu nendeni mkiwa wageni. Mwisho wa Desemba maktaba, makumbusho na makanisa ya miji mikubwa yanaandaa shughuli za wazi, na karamu kubwa inakuwa Desemba 31. Kama kuna jirani au mzazi wa shuleni anayefanya, mwambie watoto wanauliza, wengi wanafurahi kualika, nyie pelekeni chapati na sambusa. Mkipenda, mwakani mnaweza kuchukua kitu kimoja mkakifanya nyumbani, kama ile desturi kwamba kwenye zawadi za watoto lazima kuwe na kitabu. Mkiamua kufanya zote siku saba, hakuna wa kuwakataza pia, na inaweza kuwapa cha kusherehekea pamoja na majirani. Kibaya chake kimoja, ukiifanya ili tu mtoto asikulaumu, siku ya tatu utachoka na yeye ataona. Na kama dini yako inakupa mashaka, kaa nje kwa amani, mtoto anaweza kusoma sikukuu ya mtu bila kuifanya.

Mwisho, lini utafute mtu wa kuonana naye uso kwa uso. Kurudia kitabu peke yake sio dalili. Ila mpe kitabu kingine cha ngazi hiyo hiyo asichokijua asome ukurasa kwa sauti. Akiwa anabahatisha maneno kwa herufi ya kwanza, anapotea mstari, au amekikariri kile cha Kwanzaa na hawezi kingine, hapo omba shule impime kusoma. Andika barua, usiishie kusema mdomoni, barua inabaki kwenye faili. Shule ya umma ikikubali kumpima haikutozi, na ikikataa inatakiwa ikueleze kwa maandishi kwa nini, na una haki ya mkalimani kama unaona Kiingereza cha vikao kinakuzidi. Akisogeza kitabu karibu na pua au akilalamika kichwa, anza na daktari wa macho kabla ya yote. Na kwa yoyote kati ya hao mabinti wawili, ukiona tumbo linauma kila asubuhi ya shule, hataki kula, analia usiku, au kanyamaza kwa wiki kadhaa mfululizo, hiyo sio ya kitabu tena, mpeleke kwa daktari wake wa watoto na mwambie mshauri wa shule. Huyu aliyetoka Tanga mwangalie zaidi, wageni wanajua sana kusema "sijambo".

Kitabu kinachofuata kwenye mfululizo mletee, ila azima maktaba nakala mbili, kila mmoja awe na ya kwake.